Je, kundi la WhatsApp ni mtandao wa kijamii?

SWALI: Sisi wafugaji wa Mugumu, Serengeti, tuna kundi la WhatsApp la kutangaza ng'ombe waliopotea. Huo nao ni mtandao wa kijamii?

JIBU: Ndiyo, ndugu msomaji. Pima kwa mambo matatu: kila mtu ana akaunti yake, wanachama wenyewe ndio watoa habari, na wanajibizana. Redio husema, wewe ukasikiliza. Meseji ya kawaida huishia kwa uliyemtumia. Lakini ukiweka kundini picha ya fahali mwenye alama sikioni, jioni hiyohiyo inaweza kufika Sirari, Tarime, imeshaongezwa chumvi. Basi hakikisheni kabla ya kumwita mtu mwizi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha uongo kwa nia ya kupotosha. Jina likishachafuka, kulisafisha ni kazi.