SOMO: JIWE JEUSI NA JIWE JEUPE

Ndugu wafanyakazi, sisi wapasua mawe wa Bugembe yatupasa kuyajua mawe yetu. Miamba geu ni ile iliyopikwa na joto na kugandamizwa chini ya ardhi bila kuyeyuka. Amfiboliti, jiwe jeusi lililobeba bwawa la Owen Falls (leo Nalubaale) pale Jinja tangu 1954, asili yake ni lava ya volkano. Kwatzaiti, jiwe jeupe, asili yake ni mchanga, hivyo limejaa silika. Vumbi lolote ni baya, lakini hili limezidi: huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Basi tulimwagie jiwe maji kabla ya kulipasua, na tudai kwa mwajiri maji na vifuniko vya pua. Mshahara haununui pumzi.