Kuchagua Chuo cha Udaktari
Mhitimu wa kidato cha sita atakaye udaktari huvutwa na jina la chuo. Ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania akiisha kuihakiki, aitazame hospitali ya kufundishia. Shahada huchukua miaka 5, na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hufuata. Miaka ya mwisho hupita zaidi wodini. Kwa hiyo Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza ni hospitali na madarasa pia. Je, wanafunzi wangapi huzunguka kitanda kimoja? Daktari bingwa husimama nao? Asiyepata nafasi ya kupapasa tumbo la mgonjwa chuoni atajifunzia kwa wagonjwa wake wa kwanza, pengine usiku, peke yake. Wanafunzi wa mwaka wa 4 wakiulizwa hayo, hujibu upesi.