SOMO LETU: MAHINDI YALIYOOTA KUVU, KWA NINI MOTO HAUYATIBU



Safari hii tunazungumza juu ya chakula tunachokula karibu kila siku, na sumu inayoweza kukaa ndani yake bila sisi kujua. Tunaomba somo hili lisomwe kikundini kabla mavuno hayajaanza, kwa sababu baada ya gunia kufungwa huwa tumechelewa.

Yaliyotokea mwaka 2004

Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu wengi wa Ukambani walianza kuugua. Macho yao yaligeuka manjano, wengine tumbo likafura, nguvu zikaisha. Hasa ilikuwa Makueni na Kitui, na pia Machakos na Thika. Kufikia tarehe 20 Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikufa. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1981, huko huko Machakos, watu 20 waliugua hivyo na 12 wakafa.

Nyumba nzima ikiugua kwa pamoja, maneno huwa mengi kijijini. Huyu anasema ni kurogwa, yule anasema ni wivu wa jirani. Lakini wataalamu walipopima chakula, sumu ilipatikana kwenye mahindi. Na mengi hayakuwa ya kutoka mbali, ni mahindi ya shamba la wenyewe. Waliokula sufuria moja waliugua pamoja, basi.

Sumu hii ni nini?

Inaitwa aflatoksini. Inatengenezwa na kuvu ambayo jina lake la kitaalamu ni Aspergillus flavus, na jina la sumu limetokana na hilo la kuvu. Ilianza kujulikana mwaka 1960 kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa chakula chenye mashudu ya njugu karanga. Kwa hivyo si mahindi tu, hata karanga zetu zimo.

Kuvu hii inaishi udongoni. Hatuwezi kuimaliza. Inaingia kwenye mahindi yakiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame mmea ukiwa umedhoofika, au kupitia matundu ya wadudu. Ikiingia hungoja vitu viwili: joto na unyevu. Joto tunalo. Unyevu ndio sisi tunauongeza, tukifunga mahindi kwenye gunia kabla hayajakauka.

Sumu ikiingia mwilini inaharibu ini. Ikiwa nyingi inaua kwa siku chache au wiki chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, inaweza kuleta saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Utafiti wa Benin na Togo uliochapishwa mwaka 2002 uliona kwamba watoto wenye sumu hii nyingi mwilini walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao.

"Si nitayapika sana?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa kila mara. Moto unaua kuvu yenyewe, ni kweli. Lakini sumu ambayo kuvu imeshaiacha haifi, kwa sababu haina uhai. Maji yanachemka kwa digrii 100, na sumu hii huhitaji zaidi ya digrii 200 ndipo ivunjike. Hata githeri ikichemka tangu asubuhi mpaka jioni, sumu imo.

Kuosha hakutoshi. Kukoboa kwa muthokoi hupunguza, lakini hakumalizi. Wengine husema, "Haya mabaya tuwape kuku na ng'ombe." Kuku watakufa au watadumaa, na ng'ombe ataipitisha sumu kwenye maziwa, iwarudie watoto. Wengine huyapeleka kwa wapika busaa. Kuchachusha pia hakuiondoi yote.

Tena usitegemee macho tu. Kuvu huonekana, lakini sumu haionekani wala haina ladha. Sheria ya Kenya inaruhusu sehemu 10 tu katika bilioni moja. Bilioni ni ngapi? Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Kiasi kinachoruhusiwa ni kama sekunde 10 ndani ya miaka hiyo yote. Mwaka 2004 kuna mahindi yaliyopimwa yakawa na sehemu 4,400.

Kwa nini watu walihifadhi mahindi mabichi?

Tusiseme ni ujinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wazima wa vijiji vile vile. Tofauti kubwa moja ilikuwa hii: waliougua walikuwa zaidi wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kulala.

Wakati wa njaa, mahindi yaliyo shambani au kwenye ghala la nje yanaibiwa. Kwa hivyo mtu anavuna mapema na kuyaweka chini ya kitanda. Kwa kila nyumba peke yake hiyo ni akili nzuri. Lakini ndani hakuna jua wala upepo, mahindi yanapata joto, kuvu inaota. Mwizi amezuiliwa, sumu imekaribishwa. Ndiyo sababu kumwambia mtu "kausha mahindi" hakutoshi kama hatujamsaidia kuyalinda.

Tufanye nini?

1. Tusianike kwenye udongo mtupu. Tutumie turubai au mkeka. Kikundi kinaweza kununua turubai moja kubwa na kupeana zamu.

2. Tulinde pamoja. Nyumba tano zikianika uwanja mmoja, mtu mmoja au wawili wanatosha kulinda.

3. Tuchague. Tuondoe punje zilizoota kuvu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, kisha tuzifukie. Tusizile wala tusizilishe mifugo.

4. Tupime kwa chumvi. Chukua chupa kavu inayopitisha mwanga, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka robo au theluthi, ongeza konzi ya chumvi kavu, funga na utikise dakika moja. Iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15. Lakini kwa kuhifadhi tunataka asilimia 13.5, kwa hivyo anika siku moja au mbili zaidi.

5. Gunia lisikae sakafuni. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, paa lisivuje. Magunia yasiyopitisha hewa ni mazuri dhidi ya fukusi na dumuzi, lakini ni ya mahindi makavu tu.

6. Mtu akigeuka manjano macho au tumbo likifura, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nyumba yake iache kula mahindi yale mpaka yapimwe.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Hapa kwetu mahindi huvunwa mabichi kwa sababu gani: mvua, njaa au wezi?

2. Ni nyumba zipi zinazoweza kuanika pamoja, na nani atalinda usiku?

3. Mjane au mzee asiye na nguvu ya kuanika, nani atamsaidia?

4. Mwenye njaa ambaye ana mahindi yaliyooza tu, tutamwambia ayatupe ale nini? Hili tusiliruke. Debe moja zuri kutoka kila nyumba linaweza kuwa jibu.