Rudi Mkekani
Kijitabu cha watu wazima walioanza yoga wakaacha, na wanaotaka kuendelea

Nyuma ya mlango, juu ya kabati, chini ya kitanda pamoja na viatu vya harusini: huko ndiko iliko mikeka mingi ya yoga. Ilinunuliwa Januari. Wiki ya kwanza ilitandikwa kila siku, wiki ya pili mara mbili, kisha mgeni akaja, mtoto akaugua, hesabu za dukani zikafika mwisho wa mwezi, na mkeka ukaviringishwa "kwa muda". Kijitabu hiki ni cha mwenye mkeka huo. Hakifundishi mikao, ila michache ya kuanzia; mingine utafundishwa na mwalimu. Kinazungumzia jambo lisiloonekana pichani, nalo ni namna mtu anavyorudi.

Tunasema kurudi kwa makusudi. Wengi hudhani anayedumu katika yoga ni yule asiyekosa hata siku moja. Sivyo. Anayedumu ni yule ambaye akikosa, hachukuliwi mbali na kukosa kwake.

NIRA

Neno yoga ni la Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira. Anayelima kwa plau anajua kwamba ng'ombe hazoei nira kwa siku moja. Leo atavuta kushoto, kesho atalala katikati ya shamba akatae kuamka. Mkulima hamchinji kwa hilo. Kesho kutwa anamfunga tena.

Maandishi ya kale yanayosomwa zaidi kuhusu yoga huhusishwa na Patanjali. Yana umri wa zaidi ya miaka 1500, na ni semi fupi zisizofika 200. Aliyezoea picha za siku hizi atashangaa akiyasoma, maana semi zinazogusa mkao wa mwili ni chache mno. Sehemu kubwa ni habari za akili inayotangatanga na namna ya kuituliza. Dawa inayotajwa mapema ina sehemu mbili: abhyasa, yaani kulifanya zoezi tena na tena, na vairagya, yaani kulegeza tamaa. Zoezi, tunaelezwa, hushika mizizi likifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo wa dhati.

Kwenye hilo la "bila kukatizwa" ndipo wengi hujikwaa. Hulishika kama fimbo ya kujichapia, wakakosa siku tatu, wakaona wameshaharibu, wakaacha kabisa. Wamesahau kwamba mafundisho hayohayo yameweka kulegeza kando ya kukaza. Ukikaza bila kulegeza, kamba hukatika.

MTOTO MGONJWA WA BELLUR

B.K.S. Iyengar alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, mwaka wa ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia. Utoto wake ulikuwa wa malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwaka 1934 shemeji yake, mwalimu T. Krishnamacharya, alimwita mjini Mysore. Kijana aliyefika huko alikuwa mdhaifu, mwili umekakamaa, na hakuna aliyemtarajia makubwa. Mwaka 1937 alitumwa mji wa Pune kufundisha, naye bado hajatimiza miaka 20. Kitabu chake, Light on Yoga, kilitoka mwaka 1966 na kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Alifariki Agosti 2014 akiwa na miaka 95, na katika uzee huo alikuwa bado anafanya mazoezi.

Habari zake tumezileta kwa sababu ya vyombo vyake. Iyengar alifundisha kwa mikanda, viti, kamba za ukutani na vipande vya mbao. Mkono usipofika mguuni, mkanda unafika. Goti lisiposhuka, blanketi linapanda kulifuata. Alikuwa mtu aliyejua mwenyewe mwili mgumu ulivyo, na hakuona aibu kuusaidia.

Kwa hiyo usisubiri vifaa vya dukani. Leso moja iliyokunjwa kwa urefu ni mkanda tosha. Kiti cha plastiki hufaa kushikilia, mradi kiegemee ukuta kisiteleze. Ila tahadhari moja kuhusu mkeka wa ukindu: kwenye sakafu ya simenti iliyosuguliwa huteleza kama ganda la ndizi. Mikao ya kusimama ifanye peku sakafuni, mkeka uuache kwa kukaa na kulala.

SIKU 66

Yapo maneno ya mitaani kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, na matokeo yao yalitoka mwaka 2009. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kula, kunywa au kufanya, akalifunga na tukio la kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo likawa linafanyika bila kujisukuma. Lakini wastani huficha mengi: mwepesi kuliko wote alichukua siku 18, na kwa aliyechelewa zaidi makadirio yalifika siku 254.

Kwa hiyo jirani yako akizoea mwezi wa kwanza na wewe mwezi wa saba ukawa bado unajikokota, hakuna aliyelaaniwa. Na kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo tungependa liandikwe ukutani: kukosa siku moja hakukuharibu mwendo wa tabia kujengeka.

MKAA UNAPOSHIKA

Usijiambie "nitafanya yoga asubuhi". Asubuhi ni pana mno. Funga zoezi na jambo ambalo tayari unalifanya bila kukumbushwa. Kwa mmoja itakuwa baada ya swala ya alfajiri, akiwa bado chini na maungo yameshaamka. Kwa mwingine, baada ya kufunga duka na kuvua viatu. Kwa anayepikia jiko la mkaa, kuna dakika zile za kusubiri baada ya kuwasha: jiko liko nje barazani, moshi unatoka, mkaa haujashika, na kawaida tunazimaliza na simu mkononi. Hizo zatosha.

Anza na dakika 10. Kaa umenyoosha mgongo, uhesabu pumzi kumi, ukitoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta. Piga magoti na kuweka viganja chini, kisha pinda mgongo juu na chini, kama paka anayeamka. Mara nane hivi. Kutoka hapo inua nyonga juu, mikono na miguu ikibaki chini, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo kama nyuma ya mapaja kunakaza. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, pumzi tano kila upande. Malizia kwa kulala chali. Siku mbaya fanya pumzi kumi tu, ukaondoke. Siku hiyo nayo ihesabu.

Dakika hizo 10 zisikufanye uache kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kuupa moyo kazi kiasi, na yoga ya polepole peke yake haifikishi hapo. Endelea kwenda sokoni kwa miguu.

WIKI YA KUANGUKA

Itakuja. Msiba kijijini, mitihani ya watoto, homa, safari. Hii ndiyo sehemu ya kijitabu tunayotaka uisome mara mbili, kwa kuwa ndipo mikeka inapopanda kabatini.

Usilipe madeni. Mtu aliyekosa siku tano hujiambia Jumamosi atafanya saa moja na nusu kufidia. Jumapili hawezi kuinua mkono, Jumatatu anachukia yoga. Saumu hulipwa, yoga hailipwi. Siku ya kurudi fanya kidogo kuliko ulipoachia, hata kama unajihisi una nguvu.

Usianze upya. Ukisema "naanza upya mwezi ujao", umejipa likizo ya wiki tatu na umejihesabu kuwa umefuta yote uliyojenga. Mwili haufuti hivyo. Wewe hujaanza, umeendelea.

Mwezi wa Ramadhani, badilisha saa badala ya kuacha. Mikao ya kukaa na kulala kabla ya kufuturu haichoshi, na yenye jasho isubiri saa mbili baada ya kula. Kwenye msiba mkeka hauhitajiki, ila pumzi unazo. Umekaa na wenzako jamvini, kumi za taratibu hakuna atakayeziona.

KUKUA KUNAVYOONEKANA

Simu zimetuharibia kipimo. Kijana anajipiga picha mguu umefika kisogoni, na anayemtazama anahesabu kwamba huko ndiko kukua. Mguu ukifika kisogoni, umefika kisogoni. Swali ni ulijibuje ulipotukanwa na kondakta kwa ajili ya chenji.

Watu waliodumu husimulia mambo madogo. Mmoja anagundua kwamba ameisikia hasira ikipanda kifuani kabla haijafika mdomoni, na katika ile nafasi finyu alivuta pumzi. Mwingine amekubali kumwambia mkubwa wake kazini kwamba hawezi kazi ya ziada. Mwingine analala. Hizi si hadithi za kupendeza kupiga picha, na huja kwa kuchelewa, mara nyingi mtu wa nyumbani akiziona kabla yako.

Ndiyo maana tunapendekeza daftari, la shule, lile jembamba. Mistari mitatu kwa wiki: nilifanya siku ngapi, mwili uliniambia nini, na wapi nje ya mkeka niliona tofauti au nilishindwa. Andika na kushindwa. Baada ya miezi mitatu soma kutoka mwanzo.

Hata hivyo yoga si hospitali. Huzuni isiyoondoka kwa wiki kadhaa, kukosa usingizi kunakotisha, fikra za kujidhuru: hayo ni ya daktari au mshauri wa afya ya akili, na mapema.

SWALI LA DINI

Linaulizwa kila mahali, na kulikwepa ni kumdharau muulizaji. Yoga ilikulia ndani ya mapokeo ya Kihindu, Kibudha na Kijaini. Asili hiyo haifai kufichwa. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mikao, nyimbo za ibada na kuabudu. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo, baada ya juhudi za miaka mingi za Nouf Marwaai, mwalimu Msaudi. Waislamu wenyewe basi hawana kauli moja, na Wakristo vilevile. Ushauri wetu ni uulize kabla ya darasa kuna nini ndani yake, uache usichokiafiki, na uzungumze na sheikh, padri au mchungaji unayemwamini. Moyo usiotulia mkekani hautadumu hapo, hata ukilazimishwa.

MWILI NA MWALIMU

Mwenye presha isiyodhibitiwa au glakoma asifanye mikao ya kichwa chini, na mwenye presha asibane pumzi. Mjamzito amweleze mkunga na mwalimu, aache joto kali na kujipinda kwa nguvu tumboni. Mwenye maumivu sugu ya kiuno ana habari njema: mwaka 2017 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kiliiweka yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa za kujaribu kwanza. Kuvutika kwa msuli ni sawa. Maumivu makali ya kuchoma kwenye kiungo ni amri ya kutoka kwenye mkao.

Fedha zisikuzuie. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project, shirika lililoanzishwa mwaka 2007, limefundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu, na madarasa yake ya bure kwa jamii yamejaza ukumbi. Kwingine, tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, mara nyingi huwa na mazoezi ya wazi viwanjani. Nenda, uangalie walimu.

Mwalimu mzuri huuliza kuhusu majeraha yako kabla ya kuanza. Huomba ruhusa kabla ya kukugusa, na ukikataa hanuni. Yoga ya karne ya 20 ina walimu wenye majina makubwa walioshtakiwa na wanafunzi wao kwa kuwadhalilisha, kwa hiyo jina kubwa si dhamana. Anayekuambia uache dawa zako, muache yeye.

MKAO WA MWISHO

Ule wa kulala chali mwishoni, wenye jina la kutisha la mkao wa maiti, ndio unaorukwa zaidi. Watu huona wamemaliza kazi, wakainuka kuwahi vyombo. Iyengar aliuhesabu miongoni mwa mikao migumu kuimudu, na ukiujaribu utajua sababu: hakuna cha kufanya, na akili inakuletea orodha ya sokoni.

Uachie dakika tatu. Viganja vitazame juu, miguu ianguke pembeni, taya ilegee. Orodha ikija, usigombane nayo, sikiliza pumzi inayotoka. Kisha geukia ubavu wa kulia, tulia kidogo, ujisukume kwa mkono hadi ukae. Kunja leso. Nenda barazani, mkaa utakuwa umeshashika.