Wimbi: Maji Hubaki, Nguvu Husafiri



Sote tumewahi kuona mawimbi. Aliye pwani huyaona baharini. Aliye kando ya Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika huyaona ziwani. Hata aliye mbali, akitupa jiwe lamboni, huona duara zikitanuka mpaka ukingoni. Lakini je, wimbi ni kitu gani hasa? Katika somo hili tutajifunza jinsi wimbi linavyosafiri na jinsi ya kulipima. Halafu tutaona kwa nini elimu hii inaweza kuokoa maisha ya mtu.

1. Ni nini kinachosafiri?

Hebu tufanye jaribio. Tia maji katika karai pana, uyaache yatulie. Weka jani kavu katikati. Sasa chovya kidole karibu na ukingo, mara kwa mara, kwa mpigo ulio sawa. Mawimbi yatatoka kwenye kidole yaende upande wa pili.

Je, jani linakwenda nayo? Hapana! Linapanda, linashuka, linayumba kidogo, lakini linabaki karibu pale pale.

Basi, maji hayakusafiri. Kilichosafiri ni nguvu ya kidole chako. Ni kama watu waliojipanga mstari wakipokezana matofali kwenye ujenzi wa shule. Tofali linafika mwisho wa mstari, lakini kila mtu amebaki mahali pake. Vivyo hivyo maji hupokezana nguvu.

2. Jinsi ya kupima wimbi

Kidole kikichovya kwa mpigo sawa, mawimbi nayo hufuatana kwa mpigo sawa, kama bembea inayokwenda na kurudi. Mawimbi ya namna hii hupimika kwa urahisi. Tukumbuke maneno haya:

Kilele: sehemu ya juu kabisa ya wimbi.
Bonde: sehemu ya chini kabisa.
Kimo: jinsi kilele kinavyopanda juu ya usawa wa maji yaliyotulia.
Urefu wa wimbi: umbali toka kilele kimoja mpaka kilele kinachofuata.
Muda wa wimbi: muda unaopita toka kilele kimoja kikupite mpaka kingine kije.

Angalieni, kimo na urefu ni vitu viwili mbalimbali. Wimbi linaweza kuwa refu sana na kimo chake kikawa kidogo. Jambo hili tutalihitaji mbele.

Sasa tupige hesabu. Mvuvi ametia nanga kwenye maji ya kina. Kwa dakika moja vilele 24 vinapita chini ya dau lake. Dakika ina sekunde 60, kwa hiyo muda wa wimbi ni 60 gawanya kwa 24, yaani sekunde 2.5. Anakadiria kuwa toka kilele mpaka kilele ni mita 10.

Mwendo = urefu wa wimbi gawanya kwa muda wa wimbi.
Mwendo = 10 gawanya kwa 2.5 = mita 4 kwa sekunde.

Hiyo ni kiasi cha kilomita 14 kwa saa. Baiskeli inaweza kulipita wimbi hilo.

3. Wimbi linaloshindana na ndege

Mawimbi tunayoyaona kila siku huletwa na upepo. Lakini yapo mengine yanayoletwa na tetemeko la ardhi chini ya bahari. Hayo huitwa tsunami.

Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa 10 alfajiri kwa saa zetu, tetemeko kubwa lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Sakafu ya bahari iliruka, ikayasukuma maji yote yaliyo juu yake. Mchana wa siku ile ile wimbi lilikuwa limefika pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya kilomita 6,000 toka huko. Zaidi ya watu 220,000 walikufa katika nchi za Bahari ya Hindi. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wakiwamo waliokuwa wanaogelea. Somalia walikufa karibu 300.

Wimbi lilikujaje upesi namna hiyo? Wimbi refu sana kama hili hufuata kina cha maji. Zidisha kina, kwa mita, mara 10. Kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa jibu lile. Namba hiyo ndiyo mwendo, mita kwa sekunde.

Kina cha mita 4,000: 4,000 × 10 = 40,000. Na 200 × 200 = 40,000. Basi mwendo ni mita 200 kwa sekunde, yaani kilomita 720 kwa saa. Ni mwendo wa ndege!
Kina cha mita 10: 10 × 10 = 100. Na 10 × 10 = 100. Mwendo ni mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa.

Huko kilindini urefu wa wimbi hili ni mamia ya kilomita, lakini kimo chake hakifiki hata mita moja. Mvuvi aliye juu yake hasikii kitu. Likikaribia pwani, mbele hupunguza mwendo na nyuma bado linasukuma. Maji hurundikana, kimo kikapanda. Hapo nguvu yote humwagika nchi kavu.

4. Bonde likitangulia

Mara nyingine bonde la wimbi hufika kabla ya kilele. Bahari hurudi nyuma, samaki wakabaki mchangani. Watu hukimbilia kuokota samaki, kumbe kilele kiko njiani.

Wa pwani watauliza, "Si maji kupwa tu?" Hapana. Maji ya kawaida hupwa polepole, kwa muda wa saa sita hivi. Haya huondoka kwa dakika chache, tena si wakati wake.

Watu wa kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na lile tetemeko, walilijua hilo. Mwaka 1907 wimbi kama hilo liliwaua wengi. Wazee wakawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani. Mwaka 2004 walikimbia bila kungoja kuambiwa. Kati ya watu zaidi ya 70,000, walikufa saba tu.

5. Tufanye nini?

Bahari ikirudi ghafla, au ikipanda ghafla, tuache vyombo na samaki, tukimbilie mahali pa juu. Tuwabebe watoto na wazee.
Tusirudi upesi. Wimbi la pili linaweza kuja baada ya nusu saa au zaidi, likawa kubwa kuliko la kwanza.
Aliye kilindini asikimbilie ufukweni. Kule kuna usalama zaidi.
Tusikilize redio. Tangu mwaka 2011 nchi za Bahari ya Hindi zina mpango wa kupeana tahadhari.

Maswali

1. Kwa nini jani halikusafiri na mawimbi?
2. Vilele 20 vinapita kwa dakika. Urefu wa wimbi ni mita 15. Mwendo ni nini?
3. Tsunami ina mwendo gani kwenye kina cha mita 1,000?
4. Mjadiliane kikundini: kijijini kwetu mahali pa juu ni wapi, na mtoto atafikaje?

Majibu: (2) mita 5 kwa sekunde. (3) mita 100 kwa sekunde.