Nywele Kunyonyoka: Je, Ni Ugonjwa wa Ukoo?

Hapa hospitali mara kwa mara tunaletewa mtoto mwenye kipara cha duara kichwani. Ngozi ya mahali hapo ni laini, haina magamba wala kidonda. Nyumbani ugomvi umekwisha kuanza: nani amemroga, na balaa hili limetoka ukoo wa nani?

Kwanza tusiuchanganye ugonjwa huu na mapunye. Mapunye huletwa na fangasi, huwa na magamba, huambukiza, na hutibiwa kwa vidonge. Ugonjwa tunaousema leo, ambao madaktari huuita alopesia areata, hauambukizi kabisa.

UNATOKEAJE?
Mwilini mna askari, yaani chembe nyeupe za damu, wanaotulinda na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea shabaha, wakashambulia mashina ya nywele. Nywele hunyonyoka, lakini shina halifi. Ndiyo maana mara nyingi huota tena, pengine zikiwa nyeupe mwanzoni.

JE, HURITHIWA?
Kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe, bali ni wepesi wa kuupata. Mwaka 2010 Profesa Angela Christiano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walilinganisha wagonjwa zaidi ya 1,000 na watu wasiougua zaidi ya 3,000. Waliona kwamba jeni, yaani mbegu za urithi, zinazohusika si moja bali ni kadhaa, na nyingi zinaongoza kazi ya wale askari wa mwili.

Mtoto hupata jeni zake kwa baba na kwa mama. Tena, hata pacha wanaofanana kabisa, mara nyingi mmoja huugua na mwenzake asiugue. Maana yake, jeni peke yake hazitoshi kuleta ugonjwa. Kwa hiyo kumsema mke kwamba ameleta mkosi toka kwao ni kumwonea bure. Mume naye halaumiwi.

TUFANYE NINI?
1. Mleteni mgonjwa hospitali apimwe. Kipara kidogo huweza kupona chenyewe; kikizidi, daktari ana dawa za kupaka na sindano.
2. Mwelezeni daktari kama katika ukoo kuna tezi la shingo, mbalanga, kisukari au pumu. Magonjwa hayo huweza kufuatana na huu.
3. Msimpake mafuta ya taa wala dawa zinazounguza. Zinaharibu ngozi, na hapo nywele huweza zisiote tena.
4. Ongeeni na mwalimu mkuu ili mtoto aruhusiwe kuvaa kofia darasani, na wenzake waelezwe kwamba hawataambukizwa.

Wazazi, mtoto huyu hana homa wala maumivu. Kinachomuumiza ni kuchekwa shuleni na kusikia wazazi wake wakigombana kwa ajili yake. Dawa ya hayo mnayo ninyi nyumbani.