Kubuni Gemu: Halali Yake Tuitafute Wapi?



Kaka au dada anayesomea kubuni gemu chuoni huulizwa nyumbani: kazi hiyo ni halali? Wengi hulitafuta jibu kwenye picha na muziki. Hayo yana hukumu zake. Lakini gemu nyingi za simu hutolewa bure, na mshahara wa mbunifu hutoka kwingine. Tuanzie hapo.

Chukua kasha la bahati. Mchezaji analipa, tuseme faranga 100, kasha linafunguka, naye hajui litatoa nini. Mbunifu amepanga kitu adimu kitoke mara 1 katika 100. Mchezaji anadhani akifungua makasha 100, kwa faranga 10,000, hakosi kukipata. Piga hesabu: 0.99 kwa kipeo cha 100 ni takriban 0.37. Yaani katika kila wachezaji 100 waliolipa faranga 10,000, kama 37 hivi bado hawajakipata. Na kiwango hicho hakikujiweka chenyewe. Kuna mtu alikaa mezani akakiandika, na kesho mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Maisiri, iliyoharamishwa katika Suratul Maida aya ya 90, mafuqaha huitambua hivi: mtu anatoa mali, na bahati ndiyo inayoamua apate au apoteze. Wapo wanaosema kasha halikosi kutoa kitu, basi si kamari. Naiona hoja dhaifu: nani hulipia kofia ambayo tayari anazo tano? Hata Ubelgiji, isiyofuata sharia yetu, tume yake ya kamari iliamua mwaka 2018 kwamba makasha ya kulipia katika FIFA 18 na Overwatch ni kamari. Mapema 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Kijana wa Kimisagara anayepita mbali na duka la kubeti anaweza kukutana na kamari ileile ndani ya gemu ya mpira.

Je, bila bahati mchezo hauna ladha? Tazama igisoro: mashimo 32, kete 64, hakuna dadu, kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili, na bado watu hucheza hadi giza linaingia.

Yupo pia Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka 3 kumnunulia kompyuta, akajifunza mwenyewe kuandika programu. Gemu yake, Salaam, ilibuniwa hivi: ukimnunulia maji mkimbizi aliye kwenye skrini, fedha imsaidie mkimbizi wa kweli. Mnunuzi anajua analipia nini.

Kazi ya darasa lijalo: tangu Desemba 2017, Apple huzitaka gemu zenye makasha zitaje uwezekano wa kila aina ya kitu. Chagua gemu moja unayoicheza, tafuta viwango vyake, kisha fanya hesabu ile ya juu kwa bei zake halisi. Njoo na karatasi.